Kucheka Vita

Kuna swali ambalo nimelibeba kwa zaidi ya miaka 40, na sikutarajia kwamba sungura wa kuchorwa ndiye atakayenikumbusha kwamba bado sijalijibu. Swali lenyewe ni hili: je, ni halali mtu kucheka vita?

Mjukuu wangu mwenye umri wa miaka 11 alikuja kukaa nasi wakati wa likizo. Watoto wa siku hizi hawatuombi hadithi. Wanazo kwenye vioo vyao. Jioni moja alikuwa akipekua katuni kwenye kompyuta ya baba yake, akaniita: "Babu, njoo uone. Hii ni ya zamani hata kuliko wewe." Nikavaa miwani, nikaketi kando yake. Ilikuwa filamu bubu, nyeusi na nyeupe, iitwayo Great Guns!, iliyotolewa Marekani mwezi wa Oktoba 1927. Haikuchukua muda nikajikuta nacheka mpaka machozi yananitoka, na mke wangu akaja mlangoni kutazama kilichotupata. Filamu ilipokwisha mjukuu aliirudisha mwanzo. Mara ya pili sikucheka sana. Nilikuwa nimeanza kuitazama kama mwalimu, na mwalimu, msomaji wangu, ni mtu asiyejua kuiacha furaha ijipitie salama.

Nitasimulia kisa chenyewe kwa ufupi. Mhusika mkuu ni sungura aitwaye Oswald. Alibuniwa mwaka huo huo wa 1927 na Walt Disney na mchoraji wake stadi Ub Iwerks, kwa filamu zilizosambazwa na kampuni ya Universal. Panya Mickey, anayejulikana na dunia nzima, alikuwa bado hajazaliwa. Yeye alikuja mwaka 1928, baada ya Disney kumpoteza sungura wake kwa kuwa haki zilikuwa mikononi mwa wengine.

Katika filamu hii vita vimetangazwa. Oswald anamuaga mchumba wake, anajiunga na jeshi, na kufumba na kufumbua yumo handakini, makombora yakinyesha kama mvua ya masika. Katikati ya balaa hilo anatoa picha ya mchumba na kuitazama kwa mapenzi. Kombora linakuja na kuiharibu. Hapo ndipo sungura anapopandwa na hasira. Hakwenda vitani kwa ajili ya mfalme wala bendera. Anapigana kwa sababu ya picha yake. Anapambana na adui angani kwa ndege, anamtumia ndovu kama mzinga, anarusha na kurushiwa, na mwisho anapigwa sawasawa, anapasuka vipande vipande. Mchumba wake, ambaye sasa ni nesi, anaviokota vipande hivyo, anavitia ndani ya kopo lile ambalo wauza baa hutumia kuchanganyia vinywaji, analitikisa kwa nguvu, kisha anamimina. Na tazama, sungura mzima.

Basi. Hakuna zaidi ya hayo. Kwa nini kichekesho kifupi namna hii, kilichochorwa karibu karne moja iliyopita na watu ambao wote wamekwisha kufa, kinaweza kumchekesha mzee wa Kiafrika na mjukuu wake katika jioni moja?

Sababu ya kwanza haina ugumu wowote. Ni sungura. Mtu yeyote aliyelelewa katika hadithi za jikoni kwa bibi amekwisha kumpenda kiumbe huyu kabla hajaanza kutenda lolote. Tunajua kwamba mdogo huyu ataingia mahali asipostahili kuingia, na atatoka. Simba ana meno, fisi ana tamaa, sungura ana akili. Ukimtia handakini, tayari umekwisha kusema jambo kuhusu vita: kwamba wanaopelekwa kule ni wadogo, na kinachowaokoa, kama kipo, hakiko katika kitabu cha jenerali.

Sababu ya pili ilinichukua muda kuiona. Mwanafalsafa wa Ufaransa Henri Bergson aliandika kitabu kuhusu kicheko mwaka 1900. Hoja yake kubwa ni kwamba tunacheka pale kiumbe hai anapotenda kama mashine: mtu anayejikwaa kwa sababu miguu yake imeendelea kwenda wakati njia imebadilika, au karani anayejibu kila swali kwa maneno yale yale. Bergson hakuwa ameona vita vya 1914. Vita vile vilichukua hoja yake vikaifanya msiba. Mamilioni ya vijana waligeuzwa sehemu za mashine. Walihesabiwa kama risasi, wakapangwa kwenye mahandaki, wakatumika, wakaisha.

Sasa tazama anavyofanya mchoraji wa katuni. Anaigeuza kazi ile kinyume. Kwake yeye si mtu anayekuwa chombo. Ni chombo kinachopata uhai. Mzinga ni ndovu, tena ndovu mwenye macho na masikio. Hakuna chuma kilicho chuma kitupu. Wachoraji wengine wa zama zile walifanya vivyo hivyo. Mwaka 1922 ilitoka filamu ya paka Felix iitwayo Felix Turns the Tide, ambamo panya wanapigana na paka, na paka wanapoelemewa wanaokolewa na jeshi la soseji kutoka buchani. Soseji! Katika ulimwengu ambamo nyama ya binadamu ilisagwa na mashine, mchoraji akaichukua nyama iliyokwisha kusagwa akaipa miguu na ushujaa. Sijui kama alifikiri hivyo alipokuwa akichora. Lakini mkono wa msanii mara nyingi hujua mambo ambayo kichwa chake hakijaambiwa.

Sababu ya tatu ndiyo inayouma, nayo ni ule mwisho. Sisi tunasema hujafa hujaumbika. Sungura huyu anakufa, kisha anaumbika upya. Hakuna mtu duniani aliyewahi kumpoteza mpendwa wake asiyeelewa utamu wa jambo hilo. Kopo linatikiswa, na kilichovunjika kinarudi kuwa kizima. Hata sikio halikosekani.

Hapa ndipo mwalimu ndani yangu aliposimama na kuinua kidole. Vita vile viliua wanajeshi zaidi ya milioni 9. Vilikwisha Novemba 1918, na miaka tisa tu baadaye wanatuletea sungura anayepasuka na kurudi? Mama ambaye mwanawe alirushwa na kombora, asionekane hata kidole cha kuzika, akiingia kwenye jumba la sinema na kuona jambo hilo, afanye nini? Acheke na wenzake?

Tena aliyetengeneza kichekesho hiki hakupigana. Walt Disney alizaliwa Desemba 1901. Mwaka 1918 alitaka kwenda vitani kama kaka zake, umri ukawa mdogo. Akajiunga na kikosi cha magari ya wagonjwa cha Msalaba Mwekundu baada ya mwaka wake wa kuzaliwa kubadilishwa kwenye karatasi. Alipofika Ufaransa mizinga ilikuwa imekwisha kunyamaza. Aliendesha gari kwa muda mfupi, akachora katuni ubavuni mwa gari lake, akarudi kwao mwaka 1919. Mtu anaweza kusema kwamba alicheka vita kwa sababu hakuvionja. Nasi tunajua kwamba anayecheka kovu ni yule ambaye hajapata jeraha.

Ningependa niishie hapo, nimhukumu sungura, nifunge kitabu. Ingekuwa insha safi. Bahati mbaya nilikuwa na babu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mtu wa milimani, nyuma ya Tanga, na alivionja vita vile vile ambavyo sungura alivichezea. Wengi wetu husahau kwamba vilifika kwetu. Novemba 1914 Waingereza walishusha kikosi cha askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, ili wauteke mji wa Tanga. Wajerumani na askari wao wa Kiafrika, waliokuwa wachache sana kuliko hao, wakawarudisha baharini. Katika mapigano yale mizinga ya nyuki ilivurugwa kwa risasi, na nyuki wakatoka wakawashambulia watu bila kuuliza nani wa nani.

Babu alikuwa kijana wakati ule, amekwisha kukamatwa awe mpagazi wa Wajerumani. Alipokuwa akitusimulia habari za nyuki, sisi wajukuu tulikuwa tunagaagaa chini kwa kicheko. Alikuwa akichukua sufuria la bibi anajivika kichwani, anatembea kwa mwendo wa ofisa, kifua mbele, kisha ghafla anajipiga kofi shingoni, anajipiga mgongoni, anakimbia kuzunguka uwanja huku akitoa amri kwa lugha ya Kijerumani cha uongo. "Siku ile," alikuwa akisema, "jenerali alikuwa nyuki. Aliyeshinda alikimbia, aliyeshindwa alikimbia, na wote walikimbilia upande mmoja."

Alikuwa pia na kisa cha siku alipobadilisha bwana. Mwaka 1916 Waingereza waliposhuka na reli ya Usambara, Wajerumani wakarudi nyuma, na wapagazi wengi wakaangukia mikononi mwa washindi. Babu alidhani ameokoka. Kesho yake akapewa mzigo. "Mzigo ule ule," alisema, "kichwa kile kile, njia ile ile. Tusi tu ndilo lilikuwa jipya." Nasi tulikuwa tukilingoja neno hilo la tusi kwa hamu, na lilipofika tulicheka kama kwamba hatujawahi kulisikia.

Nilikuwa karibu kuingia chuo cha ualimu, babu amekwisha kufariki, bibi aliponiambia jambo ambalo halikuwamo katika visa vile. Babu hakuchukuliwa peke yake. Alichukuliwa pamoja na mdogo wake. Walitembea pamoja mpaka ng'ambo ya Rufiji, na huko, katika mvua kubwa za mwaka 1917, mdogo wake akashikwa na kuhara damu. Msafara haukusimama. Babu aliambiwa achukue mzigo wake, akauchukua. Aliporudi nyumbani baada ya vita, mama yake alimuuliza swali moja tu, na babu hakulijibu. Siku ya tatu alivaa sufuria kichwani akawachekesha watu.

"Hakulisema maisha yake yote," bibi alisema. "Alichekesha."

Kwa hiyo sitathubutu kusema kwamba anayecheka vita ni yule tu ambaye hakuviona. Babu aliviona. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao walikaribia laki moja, wengi wao kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Ukipita Kariakoo unapita juu ya jina lao, maana jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi kilichopiga kambi pale, nasi tunalitamka kila siku tunapokwenda kununua mchele na viatu.

Na hapa niseme jambo lililonishangaza nilipolinganisha miaka. Mwaka 1927 sungura alipokuwa akipasuka kwenye sinema za Marekani, Dar es Salaam ilizinduliwa ile Sanamu ya Askari tunayoijua sote, kwenye Mtaa wa Samora, bunduki mbele, singe imeelekea bandarini. Nimesimama mbele yake mara nyingi, na kila mara nimesimama kwa heshima. Ni kazi nzuri ya shaba. Lakini tazama: askari yule ni mzima. Hana hata mkwaruzo. Vifungo vyake vyote vipo. Mpagazi hayupo juu ya jiwe lile, wala hakuna kuhara damu, wala mto uliofurika.

Basi kati ya kumbukumbu hizi mbili za vita vimoja, zilizotolewa kwa umma katika mwaka mmoja, ni ipi iliyokiri kwamba askari huvunjika? Ni ile ya kipuuzi. Sungura alivunjika mbele ya macho yetu. Ilibidi mtu apige magoti amwokote. Katuni ilidanganya juu ya kilichofuata, hilo ni kweli, lakini haikudanganya juu ya kilichotangulia. Shaba nzito, yenye maneno ya heshima chini yake, ndiyo iliyoficha zaidi.

Sisemi hivi ili kudharau makumbusho. Nasema kwa kuwa nilikuwa mtu wa kuamini kwamba uso uliokunjamana ndio uso wa ukweli, na imani hiyo ilinifanya nimtendee mtu dhuluma.

Mwaka 1981 nilikuwa mwalimu wa nidhamu katika chuo kimoja cha ualimu cha bara. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameivamia ardhi yetu Oktoba 1978, na mwezi wa Aprili 1979 Kampala ilianguka. Tulikuwa na njaa ya sabuni na sukari, lakini tulikuwa na fahari. Jumamosi usiku wanachuo walikuwa na kawaida ya kufanya michezo na ngonjera ukumbini. Usiku mmoja akapanda jukwaani kijana wa mwaka wa kwanza, mrefu, mkimya darasani, akaigiza kuruti aliyepelekwa vitani. Kuruti yule alichimba handaki refu mno akashindwa kutoka. Alisikia kishindo, akajisalimisha kwa mikono miwili juu, na kumbe aliyekuja ni ng'ombe. Alimwomba ng'ombe asimwambie kamanda. Ukumbi ulikuwa unavunjika kwa kicheko.

Nilisimama. Nilikwenda mpaka mbele, nikazima taa ya jukwaa, nikasema kwamba mashujaa waliokufa kwa ajili yetu hawatafanywa mzaha katika chuo hiki maadamu mimi nipo. Nilisema vizuri, nilikuwa nasifiwa kwa usemaji. Ukumbi ukanyamaza. Nikampa kijana adhabu ya kuchimba shimo la taka nyuma ya bweni, futi sita kwenda chini, kila siku baada ya vipindi.

Alichimba siku nne. Siku ya nne alikuja ofisini, nguo zina udongo, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Nimemaliza." Nikatoka kwenda kukagua. Lilikuwa shimo la ajabu. Kuta zake zilinyooka, pembeni kulikuwa na ngazi zilizochongwa kwenye udongo, na upande mmoja aliacha kibenchi cha kukalia. Nilidhani ananifanyia dhihaka. Nilimwambia shimo la taka halihitaji ngazi. Akajibu, "Samahani, Mwalimu. Ni mazoea."

Sikuelewa mpaka muhula ulipokwisha, mwenzake wa bwenini aliponiambia. Kijana yule alikuwa Jeshi la Kujenga Taifa wakati vita vilipozuka, na alikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa mstari wa mbele. Kuruti aliyeomba radhi kwa ng'ombe alikuwa mtu wa kweli, rafiki yake, na kisa kile kilitokea. Rafiki yule hakurudi. Alipokuwa hai walikuwa wakichekeana kwa kisa hicho kila usiku. Kijana alikileta jukwaani kwa sababu alikuwa hana mahali pengine pa kumweka.

Nami nikazima taa.

Sikumwomba radhi. Nilijiambia kwamba mwalimu wa nidhamu akiomba radhi nidhamu itaporomoka. Alihitimu, akapangiwa mkoa wa mbali, na sikumwona tena. Niliendelea, nikapanda vyeo, nikawa mkuu wa chuo, nikastaafu nikapewa saa ya ukutani. Mimi niliyelelewa katika kicheko cha babu, na niliyeambiwa na bibi yangu mwenyewe kicheko kile kilikuwa kimefunika nini, ndiye niliyeshindwa kukitambua kiliposimama mbele yangu jukwaani.

Sasa nijaribu kulijibu swali kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nikiwataka wanachuo wangu wafanye.

Wanaokataza kicheko wana hoja. Plato wa Ugiriki ya kale, katika kitabu chake cha Jamhuri, hakutaka walinzi wa dola yake wawe watu wa kupenda kucheka kupita kiasi. Aliona kwamba kicheko kikali humtikisa mtu akatoka katika utulivu wake. Naye Bergson anakiri kwamba ili tucheke sharti moyo ulale usingizi kidogo. Kama ndivyo, mtoto anayefundishwa kucheka kila kombora anaweza kufika ukubwani moyo wake haujaamka. Wapo watawala ambao wangefurahi sana kuwa na vijana wa namna hiyo. Na katuni haikulazimika kuwa ya mzaha. Mwaka 1918 mchoraji Winsor McCay alichora kwa maelfu ya picha kuzama kwa meli Lusitania, iliyopigwa na Wajerumani mwaka 1915 wakafa watu 1,198. Hakuna anayecheka katika filamu ile. Kalamu ileile inayochora sungura inaweza kuchora msiba.

Lakini nikitazama vizuri naona kwamba filamu ile ya huzuni ilitengenezwa wakati vita vinaendelea, nayo ilitaka watu waendelee kupigana. Ilitumia machozi kuwaita vijana. Na Charlie Chaplin, aliyetoa Shoulder Arms mwezi wa Oktoba 1918 huku mahandaki bado yana watu, hakumwita mtu yeyote kokote. Alimwonyesha askari mdogo mwenye kulala katika maji. Huzuni inaweza kutumwa kuua, na mzaha unaweza kukaa kando ya anayeteseka. Kwa hiyo kipimo hakiwezi kuwa kama mtu anacheka au analia. Nilikosea kipimo ukumbini usiku ule.

Kipimo ninachokiona sasa ni hiki: je, kicheko hiki kinajua kwamba kuna kitu kimevunjika? Kipo kicheko kisichojua. Hicho humcheka aliyeanguka kwa kuwa si mimi, au huona kombora kama fataki ya sikukuu. Hicho nakikataa hata leo. Na kipo kicheko kinachojua. Hicho hupita juu ya shimo kwa sababu njia nyingine haipo, na anayecheka anajua kina cha shimo kuliko sisi tunaomtazama. Babu alikuwa na kicheko cha namna hiyo, na yule kijana pia. Hata sungura wa Disney, kwa namna yake ya kitoto, hayuko mbali nao, kwa kuwa kichekesho chake hakimwishii kwenye mlipuko. Kinaishia kwa mtu anayeinama kuokota.

Hata hivyo kicheko kinachojua nacho kina upungufu wake. Babu alicheka maisha yake yote, na mdogo wake angesahauliwa kabisa kama bibi hangesema. Kicheko kilimhifadhi babu; hakikumhifadhi mdogo wake. Lazima awepo mtu wa kusema habari iliyobaki, na aiseme kabla hajaondoka. Kwa kijana wa shimo, mtu huyo alikuwa mwenzake wa bwenini. Kwa mjukuu wangu, niliona, mtu huyo ni mimi.

Basi jioni ya pili tuliitazama tena filamu ile, na nilimwacha acheke, nami nikacheka. Sungura alipokwisha kumiminwa, nikamwambia kwamba vita vile vilifika mpaka kwetu. Nikamsimulia habari za nyuki, nikasimama hata mimi na miaka yangu sabini na kitu nikajipiga makofi shingoni, akaanguka kwenye kochi kwa kicheko. Kisha nikakaa chini nikamweleza juu ya mto Rufiji, na mvua, na mdogo wake babu yangu. Sikumpamba wala sikumfanya shujaa. Nilisema tu kwamba aliugua, na msafara haukusimama.

Alikaa kimya muda mrefu. Kwenye kioo yule nesi alikuwa amesimama bila kusogea, kopo mkononi, mahali mtoto alipoisimamisha picha.

"Babu," akauliza, "yeye hakuna aliyemwokota?"

Nikamwambia hakuna. Nikamtajia jina lake, nikamtaka alitamke, akalitamka.